Wind River: Maiti Anayehesabiwa na Jirani

Baridi kali tunayoijua Eastlands ni ya Julai, ile ya marvin na jaketi mbili ukingoja matatu saa kumi na moja asubuhi. Ndiyo maana ni rahisi kuipita Wind River ukidhani ni muvi ya wazungu na theluji yao. Usiipite. Iliandikwa na kuelekezwa na Taylor Sheridan, ikatoka 2017, na ukiitazama ukiwa Mathare au Dandora kuna mambo utayashika haraka kuliko mtu wa Los Angeles. (Kama hujaiona, naenda kukuharibia mwisho.)

Msichana anayeitwa Natalie anapatikana amekufa thelujini, miguu mitupu, katika ardhi waliyotengewa wenyeji wa asili wa Marekani huko Wyoming. Amekimbia karibu kilomita 10 usiku, mpaka hewa ya barafu ikamharibu mapafu. Anayemkuta ni Cory Lambert (Jeremy Renner), mwindaji wa serikali anayeua wanyama wanaokula mifugo. FBI inatuma mpelelezi mmoja tu, Jane Banner (Elizabeth Olsen), na anafika bila hata nguo za baridi. Daktari anasema kilichomuua Natalie ni baridi, kwa hivyo hawezi kuandika kwamba ni mauaji. Bila neno hilo kwenye karatasi, hakuna msaada mwingine utakaokuja.

Hapo ndipo unakaa wima. Mtaani tunajua nguvu ya neno moja kwenye karatasi. Kijana akishaandikwa "jambazi sugu" aliyeuawa akirushiana risasi na polisi, faili imefungwa, na mamake abaki akieleza majirani alivyokuwa.

Muvi iligharimu dola milioni 11 hivi, pesa kidogo sana kwa Hollywood, na ufinyu huo umeisaidia. Waigizaji ni wachache, milipuko hakuna, na vita vyenyewe ni vifupi: watu wameelekezeana bunduki kwenye theluji, dakika moja ya kelele, kisha kimya. Theluji inafanya kazi ya kikosi kizima cha ufundi. Huko Cannes, Sheridan alipewa tuzo ya mwelekezi bora katika kitengo cha Un Certain Regard, na si bure.

Kabla ya majina kupita, maandishi yanatuambia kwamba takwimu za waliopotea huwekwa kwa makundi mengine yote, lakini za wanawake wenyeji wa asili hazipo. Mwaka huo huo wa 2017, Mathare Social Justice Centre ilitoa ripoti yake, Who Is Next?, kuhusu watu waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani kati ya 2013 na 2016. Waliokusanya ushuhuda ni watu wa mtaa wenyewe. Serikali isipohesabu, jirani anachukua kalamu.

Lakini kuna mahali nakosana na Sheridan. Mwishoni Lambert anamkamata mhalifu, anampeleka mlimani, anamwachia akimbie miguu mitupu kama Natalie, na anafia hapo. Kwenye kibanda cha video, watu wangepiga mbinja. Hata mimi damu ilichemka. Ila sisi tumeishi na hiyo haki ya mtu mmoja na bunduki yake. Kurasa za Facebook zenye jina la Hessy zilikuwa zikianika picha za vijana wetu, walioonywa na waliokwisha kuuawa, na chini yake watu wakishangilia. Kila anayeshangilia ana hakika kwamba aliyekufa alistahili. Sheridan anatuonyesha uhalifu wenyewe kinaganaga, tusibaki na shaka hata kidogo. Mathare hakuna anayekuonyesha kilichotokea. Tena shujaa wake ni mzungu, na watu ambao msiba ni wao wanabaki kando.

Isipokuwa katika onyesho moja. Martin, babake Natalie (Gil Birmingham), amekaa nje, uso ameupaka rangi ya kifo. Lambert anamuuliza amejuaje kuipaka. Anajibu kwamba ameibuni tu, kwa sababu hakubaki mtu wa kumfundisha. Kisha wanakaa pamoja, baba wawili waliozika mabinti. Hakuna bunduki hapo, na ndipo muvi hii inapouma zaidi. Itafute uione, lakini usizime kabla ya yale maandishi ya mwisho.