Kuku wa Barafu Siku ya Bamvua

Katoni tatu za kuku wa barafu. Walioiona ile klipu iliyozunguka kwenye simu baada ya Idi wanaikumbuka: kijana mshika fedha amesimama nyuma ya gari pale Konde, anayapiga makofi makasha ya barafu moja baada ya jingine, anacheka. "Jamani, sikukuu bila kuku ni sikukuu hiyo?" Nyuma ya bega lake, kwenye picha hiyo hiyo, anapita mtu na baiskeli, pakacha la dagaa wabichi limefungwa nyuma. Kijana hakugeuza hata shingo. Niliisimamisha klipu hapo, nikairudisha, nikaisimamisha tena. Dago lile, kambi ya kikundi cha vijana ya siku tatu ufukweni Vumawimbi, Pemba, liliharibikia pale pale Konde, kabla hema la kwanza halijafunguliwa.

Si kila kitu kilikuwa kibovu. Mchele wa mapembe kilo 25 kwa watu ishirini, ukiwa na muhogo wa kuchemsha kila asubuhi, ulikadiriwa vizuri, na maji ya kunywa yalibebwa kwa madumu kama inavyotakiwa. Basi. Turudi kwenye kuku.

Kuku wa barafu hasafiri peke yake. Anataka barafu, barafu inataka kasha, na kasha lilikuwa la kukodi. Barafu ya leo kesho adhuhuri ni maji, kwa hiyo ama uwapike kuku wote usiku wa kwanza, ama umtume mtu wa bodaboda arudi Konde kila asubuhi kwa njia ya msitu wa Ngezi kuleta nyingine. Wao walifanya yote mawili, nusu nusu. Kisha kuku wa sikukuu hachemshwi, lazima akaangwe, kwa hiyo dumu la mafuta. Kukaanga kuku wengi kwa kuni ufukweni ni kazi ya mtu mwenye subira, kwa hiyo mtungi wa gesi. Gesi kwenye upepo wa Vumawimbi inapasha moto hewa kuliko sufuria, na mtungi ukaisha siku ya pili kabla ya magharibi. Kwenye orodha iliyopitishwa na kikundi, yote haya yalikuwa mstari mmoja: "kuku". Barafu, kodi ya kasha, bodaboda, mafuta na gesi vilikwenda kujificha chini, kwenye "mengineyo". Jumlisha mistari hiyo uone mchango wa watu umekwenda wapi.

Na siku ya tatu? Mmeona wenyewe. Kasha limebaki na maji ya rangi ya waridi, vipande vilivyosalia vimeshaanza kunuka, watoto wanauliza kitoweo, na mshika fedha anakimbilia kwa mchuuzi wa samaki kununua changu kwa bei ya mtu mwenye njaa. Mchuuzi hana kosa. Angekuwa mjinga kama angepunguza.

Sasa tuifungue kalenda, maana kosa limo humo. Idi ya Mfungo Mosi, yaani Idi Ndogo, inakuja na mwandamo wa mwezi. Mwandamo ni bamvua. Iwe kaskazi, iwe kusi, iwe masika, mambo hayo mawili hayaachani, kwa sababu bahari na mfungo vyote vinafuata mwezi mmoja. Siku ya pili na ya tatu ya Idi ndipo bamvua linapokomaa: maji yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na kwa mwambao wetu yanapwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Huwezi kupanga saa nzuri zaidi ya hiyo hata ukiambiwa uipange mwenyewe. Watu wamekwisha kunywa chai, jua halijawa kali, mwamba uko wazi, pweza yuko shimoni. Kina mama wa vijiji vya pwani wanashuka na michokoo yao, wakirudi wana kitoweo cha nyumbani na cha kuuza. Mtu aliyepiga hema karibu anahitaji kushuka nao, au kuwasubiri juu akiwa na chenji.

Bado usiku. Mwezi mchanga unazama mapema, giza linatanda, na giza ndilo linalowatoa wavuvi wa dagaa na taa zao. Mwezi ukipevuka taa hazina kazi tena, mitego hiyo inapumzika, dagaa wabichi wanapungua na bei inapanda. Kwa hiyo siku za Idi Ndogo ndizo siku ambazo alfajiri ya Tumbe inaweza kukupa dagaa kwa bei utakayoikumbuka mwaka mzima. Tumbe na Konde ni jirani. Yule mtu wa baiskeli kwenye klipu sijui alitoka wapi, lakini najua alikuwa anaelekea wapi: kwa watu wenye akili.

Mpango wenyewe ungekuwa mwepesi. Siku ya kwanza dagaa wabichi: nusu mchuzi wa nazi, nusu watiwe chumvi waanikwe juu ya mkeka kwa ajili ya chai ya kesho. Siku ya pili pweza, apigwe vizuri, apikwe taratibu kwa moto wa makumbi na vifuu. Makumbi hayo ufukweni Pemba hayauzwi, yanaokotwa. Siku ya tatu chochote bahari itakachotoa. Na chini ya mfuko, kisiguswe mpaka kihitajike, ng'onda wachache na papa mkavu, pamoja na makopa na kunde, kwa sababu bahari ina siku ya kukataa na masika yana siku ya kunyesha. Akiba kavu haitaki barafu. Ikirudi nyumbani haijaliwa, imerudi nzima. Hilo, katoni ya kuku hailiwezi.

Nimeambiwa ninawaonea vijana, kwamba Idi ni mara moja, na kina dada hawakwenda Vumawimbi kuparura samaki. Hoja ya pili naiheshimu. Dago zima halikuwa na mpishi. Lilikuwa na watu ishirini na zamu iliyoandikwa vizuri sana kwenye simu, na zamu hiyo, kama tulivyoona, siku zote iliangukia kwa wale wale watatu, wanawake watupu. Lakini kuku naye anakatwa, anaoshwa, anakaangwa, na masufuria ya mafuta ndiyo mabaya kuosha kwa maji ya dumu. Kazi haikupungua. Ilibadilika harufu tu.

Hoja nyingine niliyoisikia ni ya hofu, na hii siichezei. Kisiwa Panza, mwezi wa Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, wengine 78 wakafikishwa hospitali. Novemba 2021 walikufa watu saba hapa hapa Pemba kwa kitoweo hicho hicho. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kwa ndimu, na kasa mwenyewe analindwa na sheria. Kwa hiyo ninaposema kuleni cha pwani sisemi kila kinachotoka baharini kinaliwa. Kasa hapana, bunju hapana, na samaki ambaye mwenyeji wa mahali hamtaki, wewe pia usimtake. Halafu ulizeni kabla ya kukanyaga mwamba. Ziko sehemu ambazo wanavijiji wanazifunga kwa miezi ili pweza wakue, Kisiwa Panza wakiwa miongoni mwa walioanza, na mgeni anayeingia na mchokoo kwenye mwamba uliofungwa anastahili kila neno atakaloambiwa. Lakini dagaa wa Tumbe? Changu? Pweza aliyeshikwa asubuhi ile ile na mama unayemuona? Hofu hiyo ingefaa ihamie kwenye kuku aliyelala kwenye maji ya uvuguvugu siku mbili.

Wazee wa Kojani wangelitazama kasha lile wakacheka mpaka wakaketi. Hao ndio mabingwa wa dago, na sijaona mpaka leo aliyewazidi: wanaondoka na kusi au kaskazi, wanapiga kambi Mafia, Kilwa, Tanga, mpaka mwambao wa Kenya, wanakaa wiki na miezi kwenye fukwe zisizo na duka. Wanabeba nini? Mchele, unga, chumvi, sukari, majani ya chai. Kitoweo hakibebwi. Kinatolewa kwenye nyavu kabla samaki hawajafika mnadani, kwanza chungu, kisha biashara. Na wana mpishi, mtu mwenye fungu lake kama mvuvi mwingine, si mtoto wa kutumwa wala dada wa fulani. Akiharibu chakula anajulikana, akipika vizuri anagombaniwa msimu ujao. Dago la Vumawimbi lingelipa fungu la mpishi mmoja mzoefu kwa fedha ya kodi ya makasha, na chenji ingebaki.

Au chukua kambi za karafuu za zamani. Msimu ukifika watu walivuka kutoka Unguja, Makunduchi na Tumbatu, na mikeka yao na masufuria yao, wakaja kuchuma Pemba. Kambi ililishwa kwa kipimo kile kile kilichompimia mchumaji karafuu zake: pishi, na vibaba vyake vinne. Kibaba ni ratili moja na nusu, kama gramu 680. Ndicho walichopewa wapagazi wa misafara ya bara karne ya 19, kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, na hao walibeba mizigo toka asubuhi. Mtu anayekwenda kuogelea na kupiga picha, mwenye muhogo tumboni tangu saa moja, nusu ya hicho inamtosha. Mabibi wa kambi hawakuwa na jedwali kwenye simu. Walikuwa na kibaba cha bati, na walijua vinywa vingapi vimelala kambini usiku ule. Leo tuna jedwali lenye rangi, na hakuna aliyehesabu barafu.

Kwa kuwa nimeshaanza, na hili msomaji wangu wa siku nyingi amekwisha kulisikia: maji ya chupa ndogo ndogo kwenye dago ni kuchoma fedha na kuacha taka. Walibeba madumu, nimewasifu, kisha kwenye klipu ya pili ziko katoni mbili za chupa chini ya mkadi. Za nani? Na wale wanaoudharau mchele wa mapembe na kudai wa Mbeya hata kwenye sufuria ya kuni, wautie tui la nazi mbili kwa kilo na kuupalia makaa juu ya kifuniko, kisha waniite nione nani atakayeutambua. Gesi ufukweni nimeisema miaka yote. Sitairudia.

Siku ya kwenda viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi walifanya vizuri: watoto walilishwa wali na mchuzi kabla ya kupanda gari kwenda kwenye pembea. Ndivyo. Mtoto aliyeshiba anataka pembea, mwenye njaa anataka chipsi, na chipsi za viwanja vya sikukuu ndizo ghali kuliko zote kisiwani. Fedha zao za mkono wa Idi walizitumia kwa pembea na malai, wakarudi bila mzazi hata mmoja kutoa zaidi. Mtu aliyepanga siku hiyo, nasikia ni shangazi wa mmoja wao, ndiye aliyepaswa kushika mfuko tangu Konde.

Lakini mfuko haukubadilisha mkono. Orodha ya Idi Kubwa imeshaanza kuzunguka, nimeletewa na watu watatu tofauti, na kijana inaonekana amesikia maneno ya watu. Kuku hayumo. Barafu haimo. Kwenye safu ya kitoweo ameandika pweza, siku zote tatu, kwa herufi kubwa. Idi Kubwa ni kumi ya Mfungo Tatu: mwezi angani umeshapita nusu duara, bamvua limekwisha zamani, ni maji mafu, mwamba hauonekani vizuri hata saa tano, na usiku una mwanga wa kuwafukuza dagaa. Na siku hiyo hiyo, kuanzia Mkoani mpaka Konde, kila mtaa utakuwa unachinja mbuzi na ng'ombe na kugawa nyama bure.