Nani Anasema "Mimi"? Nafsi na Ushahidi katika Kumbukumbu za Vijiji vya Uingereza

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafsi ya usimulizi katika maandishi manne yanayohifadhi historia na kumbukumbu za vijiji vya Uingereza: maandishi ya Richard Gough kuhusu parokia ya Myddle, vitabu vitatu vya Flora Thompson kuhusu Lark Rise na Candleford, Ask the Fellows Who Cut the Hay (1956) cha George Ewart Evans, na Akenfield (1969) cha Ronald Blythe. Hoja kuu ni kwamba nafsi ya kwanza, ambayo msomaji huipokea kama dhamana ya ukweli, haina dhamana hiyo yenyewe. Kinachoyapa maandishi haya hadhi ya ushahidi ni uwazi wa mwandishi kuhusu safari ya neno kutoka kinywani mwa mwanakijiji hadi kwenye ukurasa.

1. Utangulizi

Vijiji vya Uingereza vina kumbukumbu nyingi za maandishi. Tangu mwaka 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell, kila parokia ilitakiwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1789 kasisi Gilbert White alichapisha kitabu chake kuhusu Selborne, akaonyesha kwamba kijiji kimoja kinatosha kumshughulisha mtazamaji makini maisha yake yote. Hata hivyo, daftari humwambia msomaji nani alizaliwa na nani alizikwa. Halimwambii walisema nini. Pengo hilo ndilo lililozibwa na maandishi ya kumbukumbu, hususani katika karne ya 20, pale mashine zilipoondoa farasi mashambani na vijana wakahamia mijini.

Maandishi ya namna hii hukabiliwa na shutuma moja ya kudumu, nayo ni kwamba hutamani mno yaliyopita. Raymond Williams, katika The Country and the City (1973), alionyesha kwamba kila kizazi cha waandishi wa Kiingereza hudai kuwa maisha mema ya kijijini yametoweka juzi tu. Lakini msomaji akirudi nyuma hadi hiyo juzi, humkuta mwandishi mwingine akiomboleza vivyo hivyo. Onyo hilo ni la msingi. Hata hivyo, linahusu zaidi kile kinachosemwa kuliko anayekisema. Makala hii inaanzia upande wa pili, yaani upande wa msemaji: ni nani anayesema "mimi", na msomaji atajuaje?

2. Gough: jirani anayesimulia majirani

Richard Gough, mkulima mwenye ardhi yake aliyezaliwa mwaka 1635, aliandika habari za parokia yake ya Myddle, katika kaunti ya Shropshire, kati ya mwaka 1700 na 1702. Mpangilio wa sehemu kuu ya maandishi yake ni wa pekee. Anafuata viti vya kanisani, kimoja baada ya kingine, na katika kila kiti anasimulia habari za kaya yenye haki ya kukikalia: nani alirithi, nani alilewa hadi akafilisika, nani alishtakiwa kwa wizi. Nafasi ya mtu kanisani ndiyo inayomwingiza katika historia.

Msimulizi huyu hajifichi. Anasema alichokiona, na anapotegemea habari za wazee hudokeza hivyo. Anapofikia vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642, anaeleza kwamba kutoka Myddle, Marton na Newton walikwenda vitani wanaume 20, na 13 kati yao waliuawa. Takwimu hiyo haikutoka katika rejista ya jeshi. Imetoka kwa mtu aliyekuwa mtoto wakati wa vita hivyo na aliyezijua kaya zilizofiwa. "Mimi" ya Gough ina uzito kwa sababu msomaji anajua imekaa kiti gani.

3. Thompson: nafsi ya tatu kama stara

Flora Thompson alizaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire. Lark Rise ilitoka mwaka 1939, Over to Candleford mwaka 1941 na Candleford Green mwaka 1943. Vyote vitatu vikaunganishwa katika juzuu moja mwaka 1945. Juniper Hill ikawa Lark Rise, na mwandishi mwenyewe akawa Laura. Tawasifu imeandikwa kwa nafsi ya tatu.

Uamuzi huo unaweza kuonekana kama hatua ya kuelekea riwaya na kuuacha ushahidi. Ukisomwa kwa makini, unafanya kinyume chake. Nafsi ya tatu inamtenganisha mtoto aliyeona na mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 anayeandika. Mtoto anaona nguruwe anayefugwa nyuma ya kila nyumba. Mwandishi anaongeza kwamba mshahara wa kibarua wa shamba ulikuwa shilingi 10 kwa wiki, na msomaji anaelewa kwa nini afya ya nguruwe yule iliulizwa na kila mgeni. Vilevile, kumbukumbu za bibi mzee, aliyewahi kuiona nyika ya pamoja kabla haijazungushiwa ua na kugawiwa wenye mali, zinabaki kuwa za bibi huyo. Laura anazisikia tu. Kila kumbukumbu ina mwenyewe.

Ni kweli kwamba Thompson hudai kuwa watu wale, pamoja na umaskini wao, walijua siri ya kuridhika. Hapo onyo la Williams linamgusa. Lakini dai hilo limewekwa kando ya zile shilingi 10, na msomaji ameachiwa kupima mwenyewe.

Uthabiti wa mbinu hii unadhihirika katika mwisho wa Lark Rise. Wanaume 11 wa kitongoji hicho kidogo hawakurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Majina yao yamo katika bamba la shaba kanisani, katika safu mbili za majina matano matano, na la mwisho, peke yake, ni la Edmund. Edmund ni kaka yake Laura; kaka halisi wa mwandishi aliuawa vitani mwaka 1916. Mwandishi wa nafsi ya kwanza angelazimika kulia hadharani. Thompson anasoma bamba tu, na huzuni ya familia moja inabaki katika safu yake pamoja na huzuni za kaya nyingine kumi.

4. Evans: neno kama kielelezo

George Ewart Evans hakuwa mwenyeji. Alizaliwa mwaka 1909 Abercynon, katika mabonde ya makaa ya mawe ya Wales, na mwaka 1948 akahamia Blaxhall, Suffolk, ambako mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Majirani zake wazee walikuwa wachungaji wa kondoo na vibarua waliozaliwa karne ya 19. Ugeni wake ulimfaa, kwa kuwa aliyasikia maneno ambayo mwenyeji hupita bila kuyasikia.

Katika Ask the Fellows Who Cut the Hay, Evans anasema kwa sauti yake mwenyewe, na maneno ya wazee anayaweka ndani ya alama za kunukuu. Mshono unaonekana. Mfano ni cheo cha Bwana wa Mavuno, yaani kibarua aliyeteuliwa na wenzake kupatana na mwenye shamba kuhusu malipo ya msimu na kuongoza mstari wa wakataji. Aliyemfuata, ingawa naye alikuwa mwanamume, aliitwa Bibi. Kundi hilo lilikuwa na desturi ya kumwomba takrima mpita njia. Mwandishi mwingine angeyachukua hayo kama mapambo ya sherehe. Evans anaonyesha kwamba ni msamiati wa kazi na wa mapatano ya ujira. Anaonyesha pia kwamba istilahi za wazee hao hufafanua maandishi ya kale, kama mashairi ya kilimo ya Thomas Tusser ya mwaka 1557. Tusser naye alikuwa amelima Suffolk.

Kwa Evans, basi, lahaja ni hati. Neno likibadilishwa kuwa la Kiingereza sanifu, chombo chenyewe na mkono ulioshika chombo hicho hupotea pamoja nalo.

5. Blythe: sauti nyingi, mwandiko mmoja

Akenfield ndicho kitabu mashuhuri kuliko vyote katika utanzu huu. Kijiji chenyewe ni cha kubuni, kimeungwa hasa kutokana na Charsfield na Debach, Suffolk, na majina ya wasemaji yamebadilishwa. Kila msemaji hutambulishwa kwa jina, umri na kazi, kisha huanza: "mimi". Kibarua aliyepigana Gallipoli mwaka 1915 anakumbuka kwamba katika miezi michache ya mafunzo ya kijeshi aliongezeka uzito. Hakuna takwimu inayoeleza njaa ya mashambani kabla ya vita vizuri kuliko sentensi hiyo.

Nguvu ya kitabu haina ubishi. Tatizo liko katika nafsi. Muuguzi, mhunzi na mchimba makaburi wote husema "mimi", lakini mara nyingi mapigo ya sentensi zao ni mamoja. Sifa bainifu za lahaja ya Suffolk, kwa mfano kitenzi cha wakati uliopo kisichochukua kiambishi cha nafsi ya tatu umoja, au kiwakilishi cha kuonyesha kinachotumika mtu anaposema mvua inanyesha, aghalabu zimelainishwa. Wanahistoria simulizi walilalamika kwamba maneno hayo hayawezi kukaguliwa. Msomaji hana njia ya kujua wapi msemaji anaishia na wapi Blythe anaanzia.

Utetezi upo, nao ni mzito. Katika fasihi ya Kiingereza lahaja ya shamba imetumika kwa muda mrefu kuchekesha. Kwa kulainisha, Blythe aliwaepusha wasemaji wake na kicheko na kuwapa heshima ya kusomwa kama watu wenye fikra. Lakini heshima hiyo ina bei. Inaashiria kwamba fikra ya kibarua hupokewa ikishavishwa lugha ya msomi. Filamu ya Akenfield, iliyoongozwa na Peter Hall mwaka 1974, inaithibitisha hasara hiyo: wakazi wa Suffolk waliigiza bila kukariri mazungumzo yaliyoandikwa, Blythe mwenyewe akaigiza kasisi, na lafudhi ambayo kitabu kiliificha ikasikika tena bila kumvunjia mtu heshima.

6. Funzo kwa mfasiri na mhakiki wa Kiswahili

Swali hili si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa Göttingen mwaka 1903, ina jina la Carl Velten kwenye jalada, ilhali sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake. Hadi leo mhakiki analazimika kuuliza mkono wa mhariri unaishia wapi.

Vitabu hivi vikifasiriwa, uamuzi utakuwa mgumu zaidi. Mfasiri wa Evans atashawishika kumpa mzee wa Suffolk lahaja ya mahali fulani pwani. Akifanya hivyo atakihamisha kijiji kizima, kwani lahaja haiji bila kwao. Njia salama zaidi ni kutumia Kiswahili cha kawaida katika masimulizi, kuyahifadhi majina ya kazi na vyeo pamoja na maelezo yake, na kuuacha mshono wa mwandishi uonekane. Kwa upande wa Thompson, mfasiri asishawishike kuigeuza Laura kuwa "mimi" kwa kisingizio kwamba kitabu ni tawasifu.

7. Hitimisho

Mwandishi anayejieleza, awe amejiweka ndani kama Gough, nyuma ya jina jingine kama Thompson, au kando kama Evans, humpa msomaji uwezo wa kumpima. Blythe alitoa kitabu kizuri kuliko vya wenzake kwa usomaji, na kigumu zaidi kutumia kama ushahidi. Nafsi ya tatu ya Thompson inashuhudia zaidi kuliko nafsi za kwanza nyingi za Akenfield. Suala hili halihusu mtindo peke yake. Maskini wa vijiji hivyo hawakuacha wosia, barua nyingi wala picha za ukutani. Walichoacha ni maneno. Kuyachukua maneno hayo na kuyarudisha yakiwa ya mtu mwingine, hata yakiwa mazuri zaidi, ni kuwapunguzia urithi wao wa pekee.