Ubao wa Kadi na Kazi ya Kundi

Wazee walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii husemwa kwa mtu ambaye jua humkuta angali ghalani akipima mipini, na hali wenzake wamekwisha kulima matuta matatu. Ni methali ya haki. Walakini, mkulima wa kweli atakwambia kuwa yako majembe yasiyofaa kushikwa, na kuwa jembe la udongo wa mfinyanzi si jembe la mchanga wa pwani. Nataka kusema nawe juu ya majembe ya namna mpya: programu za intaneti ambazo makundi ya watu huzitumia kugawana kazi na kuifuatilia. Huenda umekwisha kuziona katika chama cha sayansi au katika kundi la tamthilia la shule yako. Kama hujaziona, yamkini utazikuta katika ofisi ya kwanza utakayoajiriwa.

Programu hizi ni nyingi. Jira ilitolewa mwaka 2002 na kampuni ya Atlassian ya Australia kwa ajili ya kufuatilia makosa ya programu za tarakilishi. Jina lake limekatwa kutoka Gojira, jina la Kijapani la lile dude la filamu liitwalo Godzilla. Nami niliyewahi kujaza visanduku vyake vyote nasema jina limempata mwenyewe. Basecamp ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya 37signals ya Chicago, ambayo iliitengeneza kwanza kwa haja zake yenyewe. Asana ni ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 2008 na Dustin Moskovitz na Justin Rosenstein, waliotoka Facebook. Sitazihakiki zote, maana mwenye kuonja kila chungu hurudi nyumbani na tumbo la kuuma bila kujua ni chungu gani kilichomdhuru. Nitaitazama moja hasa, Trello, kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo, na kwa sababu mwanafunzi aweza kuifahamu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Trello ilionyeshwa kwa watu mwaka 2011 na kampuni ya Fog Creek Software ya New York. Ukiifungua waona ubao. Juu ya ubao zimesimama safu, aghalabu tatu: safu ya kazi zinazongoja, safu ya kazi zinazofanywa, na safu ya kazi zilizokwisha. Ndani ya safu mna kadi, na kila kadi ni kazi moja. Juu ya kadi waweza kuandika jina la mtendaji, tarehe na maelezo, au kubandika picha. Kazi ikianza, kadi husukumwa kwa kidole kutoka safu hii hata safu ile. Basi. Hayo ndiyo mambo yake ya asili, na uchache huo ndio sifa yake kubwa. Mtu asiyejua lolote akiutazama ubao aona mara moja ni kazi ngapi zimelala na ngapi zimekwenda. Daftari la kumbukumbu za mkutano halina uwezo huo; ndani yake kazi iliyotimizwa na kazi iliyosahauliwa zimeandikwa kwa wino mmoja.

Fikira ya kadi, hata hivyo, haikuzaliwa New York. Katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, mhandisi Taiichi Ohno alieneza, katika miaka ya 1950 na 1960, matumizi ya kadi ziitwazo kanban. Alikuwa amezingatia desturi ya maduka makubwa ya Marekani, ambamo rafu hujazwa tena baada ya mnunuzi kuondoa kitu, wala si kabla. Kiwandani, sanduku la vipuri lilikwenda na kadi yake. Vipuri vikitumika, kadi ilirudi nyuma kwa watengenezaji, ikawa ruhusa ya kutengeneza vingine. Pasipo kadi, hapana kazi. Idadi ya kadi ilikuwa na kikomo, na kikomo hicho ndicho kilichotia nguvu mpango mzima, kwa kuwa kiliwazuia watu kuanza mambo mengi kuliko wawezayo kuyamaliza.

Hapa ndipo ninapoanza kugombana na Trello. Imeichukua kadi ikakiacha kikomo. Kadi zake hazigharimu kitu. Waweza kuandika mia kwa asubuhi moja, na safu ya kazi zinazofanywa itazipokea zote bila kunung'unika. Ipo nyongeza ya kuonya safu inapojaa kupita kiasi, lakini huonya tu, haizuii, tena sharti mtu aitafute na kuiwasha. Kitu ambacho asili yake kilikuwa breki kimekuwa ghala.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nami nalijua kwa uchungu. Trello yakubali kadi moja iwe na majina ya watu wengi.

Miaka michache iliyopita, watu saba tulipewa kazi ya kutengeneza jarida la mwaka la shule nilimokuwa nikifundisha. Mmoja wetu alileta Trello, nasi tukaifurahia kama watoto waliopata mpira mpya. Jioni ya kwanza tulitumia saa mbili kuchagua rangi za vibandiko. Miongoni mwa kadi ilikuwako moja iliyoandikwa "Ukurasa wa mpishi". Mpishi wetu mkuu, mama aliyekuwa jikoni pale tangu baadhi ya walimu wetu walipokuwa wanafunzi wa shule ile ile, alikuwa akistaafu mwisho wa muhula, nasi tulikusudia kuweka picha yake na maneno yake machache. Kila mtu aliipenda kadi hiyo, na kwa kuwa kila mtu aliipenda, wanne wetu tuliandika majina yetu juu yake. Wiki ya kwanza mtu akaisukuma hata safu ya kazi zinazofanywa. Hapo ilikaa wiki tano. Kila nilipoiona nilitulia moyo, nikijua kuwa wenzangu watatu wanaishughulikia. Nao, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, walitulia vivyo hivyo kwa ajili yangu. Muhula ukaisha. Mama akafunga virago, akapanda matatu ya kwenda kwao, na jarida likapigwa chapa bila yeye.

Tena si hayo tu. Msaidizi wa maabara, mmoja wa wale saba, alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, ile tuiitayo kabambe, isiyoweza kufungua ubao wowote. Kila siku saa nne alikunywa chai jikoni pamoja na mama yule. Angaliombwa, angaliimaliza kazi kwa siku moja. Hakuombwa, kwa sababu tangu siku ya ubao tulikuwa tumeacha kusemezana. Kila neno lilipelekwa ubaoni, naye akadhani kuwa shughuli zimekwisha kugawanywa na kuwa yeye hahitajiwi.

Siutupii ubao lawama yote. Kubwa ni yetu, na sehemu yangu naijua. Lakini kuhakiki kifaa ni kuuliza kinamvuta mtumiaji upande gani anapokuwa mchovu au mwenye haraka, maana mikononi mwa mtu makini kila kifaa ni chema. Trello humvuta mchovu kwenye majina mengi. Asana imeamua vingine: kazi moja, mtendaji mmoja. Wengine waweza kuifuatilia, na kazi yaweza kukatwa vipande, kila kipande na mwenyewe, lakini nafasi ya jina ni moja tu. Jira nayo ni hivyo hivyo. Wako wanaolalamika kuwa sheria hii huvunja moyo wa ushirika, kwa kuwa meza nzito huchukuliwa na watu wawili. Kweli huchukuliwa na wawili, lakini mmoja ndiye asemaye, "Haya, inua." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo ambao wanne wanaitana "wetu" hauna hata uzito huo. Katika jambo hili naona Asana ilitungwa na watu waliowajua wanadamu, ijapokuwa kwa mambo mengine imejaa milango na vyumba hata mgeni hupotea asijue alikoingilia.

Usidhani kuwa nautia ubao kasoro ili niutupe. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa ya kuendeshea tarakilishi za IBM katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975, The Mythical Man-Month, kwa nini kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Sababu moja ni hesabu uwezayo kuifanya daftarini mwako. Watu 5 wakihitaji kuelewana kila mmoja na mwenzake, njia za maneno baina yao ni 10. Wakiwa watu 10, njia ni 45. Wakiwa 20, njia ni 190. Ubao mmoja unaotazamwa na wote huziondoa njia nyingi katika hizo, kwani badala ya kuulizana kila mmoja na kila mmoja, watu 10 huuliza mahali pamoja. Faida hiyo ni ya kweli, na hapana barua wala kikundi cha simu kiwezacho kuitoa vizuri vile. Lakini hesabu yataka wote 10 waje ubaoni. Wakija tisa, kundi limeharibika kuliko lilivyokuwa kabla ya ubao, maana tisa wanaamini kuwa wa kumi amekwisha kujua, na hakuna tena anayejisumbua kumwambia.

Hata wauzaji wa mbao hizi hawakuokolewa nazo. Atlassian, wenye Jira, ambao waliinunua Trello mwaka 2017 kwa dola za Marekani milioni 425, walipatwa na aibu mwezi wa Aprili 2022. Walikuwa wakitaka kufuta programu moja ndogo ya zamani katika maskani za wateja wao mtandaoni. Kundi lililoomba kazi hiyo liliwapa watendaji namba za utambulisho. Kumbe hazikuwa namba za programu ile, bali za maskani zenyewe. Amri ikapita. Wateja 775 walikuta Jira yao na maandishi yao hayapo, na baadhi yao walingoja hata siku 14 kabla ya kurudishiwa. Kampuni yenyewe ilikiri katika ripoti yake kuwa makundi mawili hayakuelewana. Nadhani hawakukosa kadi wala safu wala tarehe; walikosa mtu wa kuuliza, "Namba hizi ni za nini?"

Sasa, kundi lako likitaka kuchagua, sina jina moja la kukupa. Kwa kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, kama tamthilia au maonyesho ya sayansi, ningechukua Trello pamoja na sheria mbili za kujitungia wenyewe: jina moja juu ya kila kadi, na kadi zisizidi mbili kwa kila mtu katika safu ya kati. Kwa kazi ya mwezi baada ya mwezi yenye watu wengi ningepima Asana. Jira ningewaachia watengenezaji wa programu, ambao ndio iliofanyiwa. Lakini kabla ya lolote fanyeni wiki mbili kwa vipande vya karatasi ukutani. Kundi lisiloweza kuhamisha karatasi halitahamisha kadi, na karatasi haidai bando.

Kisha itazameni simu iliyo dhaifu kuliko zote kundini, si ile ya mwenyekiti. Ikiwa programu haifunguki humo, ama chagueni nyingine, ama mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kwenda kwa mwenye simu hiyo na kumsomea ubao kwa mdomo. Ulizeni pia kazi yenu yaweza kutolewa vipi humo siku ya kuhama. Wunderlist, programu ya kupanga shughuli iliyotungwa Berlin na kupendwa sana, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 ikafungwa tarehe 6 Mei 2020. Trello nayo, mwaka 2024, iliweka kikomo cha washirika 10 katika nafasi moja ya kazi isiyolipiwa. Kundi la tamthilia la watu 25 haliingii. Cha bure kina mwenyewe, naye aweza kubadili nia. Na msiandike ubaoni habari za wenzenu zisizohusu kazi, kama ugonjwa wa mtu au karo anayodaiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 ina masharti juu ya habari za watu, na kwa habari za mtoto yataka idhini ya mzazi au mlezi. Lakini hata pasipo sheria, adabu ingetosha.

Jarida la mwaka uliofuata tulilitengeneza kwa ukuta wa chumba cha walimu na karatasi za rangi moja. Karatasi ya mpishi ilikuwa na jina la msaidizi wa maabara peke yake. Alisafiri Jumamosi moja hata kwao yule mama, na simu ya kuazima, akarudi na picha mbili na kurasa tatu za maneno yake. Tukazipiga chapa zote, ijapokuwa tulilazimika kuondoa hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya jarida, ambaye nilikuwa mimi.