Sentimita Tano Zilizosahauliwa kwenye Njia ya Luhwindja

Kila anayefuatilia magari yanayopanda kutoka Bukavu kwenda Luhwindja kupitia Walungu anaujua mlio huo: gurudumu la nyuma linaingia korongoni, linaning'inia, kisha chuma kinagonga chuma. Jeep imeinuliwa sentimita tano, springi ni mpya, matairi ni ya matope, na shokapu, au amotisere kama zinavyoitwa katika garaji za Bukavu, zimenunuliwa juzi tu. Haupiti muda zinavuja mafuta, na lawama inatupiwa barabara. Barabara haikuchagua shokapu. Aliyezichagua ni fundi aliyeinua gari kwa springi ndefu, kisha akafunga shokapu za urefu ule ule uliopangwa kiwandani kwa gari ambalo halijainuliwa. Huo ni uamuzi mbovu, na ustadi wowote utakaofuata hauwezi kuufuta.

Tuchukue shokapu iliyosimama wima, yenye mwendo wa sentimita 20 tangu ikiwa imejifunga kabisa hadi imefunguka kabisa. Gari la kiwandani likisimama pahali tambarare, tuseme fimbo iko katikati: sentimita 10 za kujifunga gurudumu linapopanda jiwe, sentimita 10 za kufunguka linapotumbukia. Inua gari sentimita 5 na uiache shokapu ile ile, na nusu ya nafasi ya kufunguka imekwisha gari likiwa bado limeegeshwa. Zimebaki 5. Korongo lolote la maana msimu wa mvua lina kina zaidi ya hizo. Gurudumu linashuka, springi bado ina nafasi ya kulisindikiza, lakini shokapu imefika mwisho na inalizuia hewani. Hapo ndipo ubaya wa uamuzi huo unapoonekana wazi, kwa sababu gari liliinuliwa ili lipite pabaya, na sasa tairi linaiacha ardhi mapema kuliko kabla ya kuinuliwa. Difu isiyo na kufuli inalizungusha tairi linaloelea, na lile lililokanyaga chini linakosa nguvu. Mwenye gari amelipia springi, amelipia shokapu, amelipia ufundi, na amepata gari linalokwama kirahisi zaidi.

Halafu kuna kuvunjika kwenyewe. Land Cruiser za familia ya 70 zina ekseli nzima nyuma: bomba la chuma, difu katikati, ngoma au diski za breki pembeni, na magurudumu juu ya hayo yote. Mzigo huo ukidondoka shimoni unatakiwa upunguziwe kasi na mafuta yanayopenya kwenye matundu ya pistoni, kidogo kidogo. Shokapu ikiwa fupi, unasimamishwa kwa pigo moja: pistoni inagonga kizuizi cha juu cha mtungi, sili inachanika, mafuta yanatoka. Sili ikivumilia, pigo linahamia kwenye bushi, kisha kwenye boliti, mwisho kwenye kishikio kilichochomelewa kwenye chesisi. Fundi anayekichomelea tena kishikio hicho bila kupima urefu wa shokapu anaandaa ufa mwingine.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahili heshima. Luhwindja ni nchi ya mgodi; Twangiza ilimimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011 chini ya kampuni ya Banro, na gari la njia ile hubebeshwa watu na mizigo hadi juu. Mzigo huikandamiza springi, wanasema, gari hurudi chini, na shokapu ya kiwandani hujikuta tena katikati. Ni kweli kwa gari lililojaa na likiwa kwenye ardhi sawa. Lakini makorongo hayakatizi barabara kwa unyoofu. Yakikatiza kimshazari, gurudumu moja la nyuma hubeba karibu mzigo wote na mwenzake huning'inia kana kwamba gari ni tupu. Na gari lililopanda limejaa lina siku ya kurudi bila kitu. Wengine huongeza kwamba springi ngumu hainyooki sana, hivyo shokapu ndefu haina kazi. Hilo nalo lina ukweli nusu: springi ngumu hunyooka kidogo, ila hakuna anayejua ni kidogo kiasi gani mpaka achukue futi apime, na kupima ndiko kulikorukwa.

Dawa nyingine inayopendwa ni kuongeza kipande cha chuma chini ya shokapu ili ile fupi ifike. Kipande cha sentimita 5 kinarudisha kweli nafasi ya kufunguka, lakini kinaiba sentimita 5 za kujifunga. Kama mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesisi haujashushwa kwa kiasi hicho hicho, shokapu sasa ndiyo itakayokuwa mpira, na itapigika kutoka chini badala ya juu. Anayenunua shokapu ndefu kupita kiasi anaangukia shimo hilo hilo. Kwa hiyo vipimo ni viwili, vyote vichukuliwe kwenye gari baada ya kuinuliwa: umbali kati ya vishikio ekseli ikiwa imebana mpira wake, na umbali huo ekseli ikining'inia hadi mwisho wa springi, mpira wa breki ukiwa haujavutika na propela haijabanana kwenye viungo vyake. Shokapu ikijifunga iwe fupi kidogo kuliko kipimo cha kwanza. Ikifunguka isipungue cha pili. Ni jeki, futi na nusu saa. Badala yake shokapu zinachaguliwa kwa rangi, nyekundu au njano, na kwa maandishi ya kujisifu ubavuni mwa mtungi. Safu hii haitachoka kulisema hilo: rangi haina urefu.

Wazee walilijua jambo hili bila kuinua chochote. Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, ilikuwa ndugu wa teksi iliyobeba nusu ya Afrika. Heshima yake ilitokana na magurudumu yenye mwendo mrefu na shokapu ambazo Peugeot ilizitengeneza yenyewe kulingana na mwendo huo. Atasema mtu kwamba hata timu za kiwanda huvunja, kama Thierry Neuville aliyekuwa akiongoza Safari ya Juni 2021 hadi gari lake likaharibika nyuma kulia siku ya mwisho, Sébastien Ogier akashinda. Ndiyo, lakini yeye alikuwa kwenye mbio, kwa mwendo ambao hakuna pick-up ya Luhwindja inayoukaribia. Hizi zetu zinavunjika gia ya kwanza.

Kazi nyingine ya kufunga, kwa haki, mafundi wengi huifanya vizuri: wanabadilisha mbili mbili kwa kila ekseli, hawaibani fimbo kwa koleo, na wanakaza boliti za bushi gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ndiyo maana kosa la urefu linauma zaidi. Wenye magari wa Luhwindja na Bukavu, kabla ya kutoa pesa mwombeni fundi awaonyeshe vipimo viwili alivyoandika. Akikosa hata kimoja, msikubali gari lenu lifungwe shokapu siku hiyo.