Jedwali la Hakimu wa Belley

Aprili 1897 Émile Fourquet alianza kazi Belley, mji mdogo wa mkoa wa Ain, mashariki mwa Ufaransa, akiwa hakimu mpelelezi. Kama afanyavyo kila mgeni wa ofisi, alipekua majalada aliyoyakuta. Moja lilikuwa la Victor Portalier, kijana wa miaka 16 aliyeuawa Agosti 1895 akichunga mifugo huko Bénonces. Mashahidi walikuwa wamemtaja mzururaji aliyepita akiomba chakula, kisha haonekani tena. Jalada likawekwa kabatini.

Mtu huyo, Joseph Vacher, hakuwa hodari wa kujificha. Uso wake peke yake ulikuwa tangazo. Mwaka 1893, akiwa askari, alimpiga risasi msichana aliyemkataa, kisha akajipiga mwenyewe kichwani. Wote wawili walipona, ila yeye alibaki na risasi ndani ya fuvu na upande mmoja wa uso umepooza. Alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akaruhusiwa kutoka Aprili 1894, na mwezi uliofuata akaanza kuua. Aliyemwona mara moja hakumsahau. Kilichomlinda ni miguu yake. Kila alipovuka mpaka wa wilaya aliingia kwa mwendesha mashtaka mwingine, polisi wengine, kabati jingine. Majalada hayana miguu. Huku nyuma wanakijiji, wakitafuta wa kumlaumu, walimgeukia mwenzao: karibu na Dijon, baada ya binti Augustine Mortureux kuuawa Mei 1895, shuka la tuhuma lilimfunika jirani asiye na hatia.

Paris wakati huo ilikwisha kuwa na mfumo wa Alphonse Bertillon wa kupima viungo vya wahalifu, fahari ya polisi wa Ufaransa. Lakini vipimo hivyo vilihitaji mtu aliye mkononi. Malishoni, mbele ya maiti na mashahidi wawili wenye hofu, havikuwa na kazi.

Fourquet alitumia karatasi na rula. Mwendesha mashtaka wa Dijon alikuwa ameshaanza kukusanya habari za mauaji yaliyofanana, na hakimu huyu akazipanga katika majedwali mawili. La kwanza lilihusu mauaji yenyewe: mahali, majeraha yalipo na yalivyo, mwili ulivyolazwa, ulivyoburutwa na kufichwa. La pili lilimhusu mzururaji aliyeonwa: umri, nywele, ndevu, mavazi, mdomo. Kwangu mimi, ustadi wake uko hapo, katika kuyatenganisha. Angeyachanganya, sura ya mzururaji ingemshawishi aone mkono wake katika kila maiti. Alipoyasoma kando kando, jedwali la majeraha lilisema muuaji ni mmoja, na jedwali la sura, bila kuliuliza lile la kwanza, likasema mpita njia ni mmoja.

Julai akawaandikia mahakimu wenzake kote nchini akiomba wamtafute mtu mwenye jicho jekundu na mdomo wa juu unaopinda anaposema.

Wala si barua iliyomkamata. Tarehe 4 Agosti, huko Champis katika mkoa wa Ardèche, Vacher alimrukia mwanamke aliyekuwa akiokota makoko ya misonobari. Mama huyo alipambana, akapiga kelele, na mumewe aliyekuwa karibu na watoto akaja mbio. Wakamdhibiti. Mahakama ya Tournon iliona kosa la aibu tu, ikampa miezi mitatu. Isingekuwa ile barua, ambayo ilimfanya hakimu wa huko amtazame mfungwa wake mara ya pili, Vacher angekuwa barabarani tena kabla ya Krismasi.

Alipoletwa Belley kwa treni alikana kila kitu. Fourquet naye akajifanya kakata tamaa na kesi, akasema anaandika kitabu juu ya maisha ya wazururaji na angependa kusikia safari za mtu aliyezunguka sana. Vacher akafunguka: hapa alivuna, pale alilala, kule alipita majira fulani. Kila mji alioutaja ulikuwa na nafasi yake kwenye jedwali. Hatimaye, Oktoba 7, aliandika barua ya kukiri. Jumla alikubali mauaji 11.

Ungamo la namna hii lina udhaifu wake. Hakimu mwenye orodha mezani anaweza, hata bila kukusudia, kumlisha mtuhumiwa majibu. Kwa hiyo nalipa uzito zaidi jambo ambalo halikuwa kwenye orodha. Vacher alieleza kwamba alimuua kijana na kumtupa kisimani Tassin-la-Demi-Lune, karibu na Lyon. Hakuna aliyekuwa akichunguza kifo hicho. Kisima kilipochunguzwa, mifupa ilikutwa humo.

Utetezi ulishikilia kwamba ana wazimu: Vacher alisema aliwahi kuumwa na mbwa mwenye kichaa utotoni, na dawa aliyopewa ikamharibu. Profesa Alexandre Lacassagne wa Lyon alimchunguza na kujibu kwamba mtu anayechagua mahali pa upweke, anayeficha maiti na kutembea mbali upesi anajua afanyalo.

Kesi ilisikilizwa Bourg-en-Bresse Oktoba 1898, na Desemba 31 akakatwa kichwa kwa gilotini. Hati ya mashtaka ilikuwa na jina moja tu, la Portalier, kwa kuwa ndiye aliyeuawa ndani ya mipaka ya mahakama hiyo.