Mkono Unaoshika Uzi

Anayemtazama fundi wa kroshia kwa mara ya kwanza hukaza macho kwenye mkono wa kulia, kwa sababu ndiko sindano iliko. Inaingia, inanasa uzi, inatoka. Ukikaa naye muda wa kutosha, macho yanahamia kushoto yenyewe. Mkono wa kushoto ndio unaotoa uzi. Uzi ukitolewa kwa kulegea, kazi inakuwa wavu; ukibanwa mno, inakuwa ngumu kama turubai. Fundi ninayemzungumzia hapa, mama wa makamo anayefumia barazani kwake Ngamiani, Tanga, huupitisha uzi chini ya kidole kidogo, juu ya kidole cha pete na cha kati, ukaishie kwenye ncha ya kidole cha shahada kilichoinuliwa. Kidole hicho hakitulii. Hushuka kiasi cha unywele kila sindano inapovuta, kisha hupanda tena. Mimi nimeamini kwamba ufundi wake uko hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Kazi aliyoshika ilikuwa bibu ya mtoto wa miezi sita. Huo ndio umri ambao Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Kwetu hapo ndipo uji unapoingia, na sehemu kubwa ya uji wa siku za mwanzo huishia kidevuni. Meno nayo yanakuwa njiani, udenda haukauki. Bibu ni kitambaa cha kuchafuliwa, na fundi analijua hilo tangu anapochagua uzi.

Uzi wa akriliki unapatikana kwa urahisi, bei yake nafuu na rangi zake zinavutia. Lakini akriliki hainywi maji vizuri. Udenda huteleza juu yake na kwenda kulowesha shingo ya mtoto. Kwa hiyo alitaka pamba. Pamba nayo ina mambo yake, kwani husinyaa ikifuliwa, na rangi nyingine huchuja. Kabla ya kuanza alikata kipande cha uzi wa rangi ya chungwa, akakilowesha katika maji ya moto, akakikunja ndani ya kitambaa cheupe na kukisugua. Kitambaa kikabaki cheupe. Kisha akafuma kipande kidogo cha majaribio, akakifua, akakianika, na kilipokauka akakipima kwa tepu. Matundu 16 yalitoa sentimita 10. Bibu aliitaka upana wa sentimita 17 na nusu, basi hesabu ikawa matundu 28. Yote hayo yalifanyika kabla bibu yenyewe haijaanza, na hakuna mteja ambaye angeyaona wala kuyalipia.

Sindano yake ni ya alumini, unene wa milimita 4, na rangi yake imekwisha pale kidole gumba kinapokaa. Anayo nyingine ya chuma, nyembamba sana, ambayo alifumia vitambaa vya makochi vilivyotandazwa sebuleni kwake. Hiyo hakuigusa. Uzi mnene wa pamba unataka kichwa cha sindano kinachoweza kuushika mzima, la sivyo kitaupasua katikati na kuchomoa nusu yake.

Alifunga kitanzi cha kwanza, akaanza cheni. Uzi juu ya sindano, vuta upite ndani ya kitanzi. Uzi tena, vuta tena. Cheni 29, yaani 28 za upana na moja ya kugeuzia. Aliifuma kwa mkono mwepesi kuliko mkono wake wa kawaida, kwa sababu cheni ya mwanzo ikikazwa, ukingo wa chini hujikunja na bibu hailali kifuani. Halafu akageuza, akaiacha cheni iliyo karibu kabisa na sindano, akaingia katika ya pili. Sindano inaingia, inanasa uzi na kutoka nao, vinakuwa vitanzi viwili. Inanasa tena na kuvipita vyote viwili kwa mvuto mmoja. Hilo ni tundu moja, la aina fupi katika kroshia. Mafundi wengi hupendelea matundu marefu kwa kuwa kazi huenda haraka. Kwa bibu yeye huchagua mafupi, maana yanashikana na hayaachi nafasi ya uji kupenya.

Mwisho wa mstari hufuma cheni moja, hugeuza kazi, huanza upya. Mistari 34. Ukizidisha 28 kwa 34 unapata matundu 952, na hapo shingo bado. Viwanda vina mashine za kufuma sweta na soksi. Wazo hilo ni la zamani, tangu Mwingereza William Lee alipobuni mashine yake ya soksi mwaka 1589. Kroshia haijaingia viwandani kwa namna hiyo. Kitambaa cha kroshia ya kweli kimetoka mikononi mwa mtu, tundu baada ya tundu, na hata kile kinachouzwa kwa bei ya kutupa kimepita njia hiyo. Nikiona mnunuzi anabishana juu ya shilingi mia tano mbele ya kazi kama hii, roho huniuma.

Yeye huhesabu kimyakimya kila baada ya mistari michache, kidole gumba kikipita juu ya ukingo. Katika mstari wa 19 alihesabu mara mbili. Akapata 27.

Niliitazama kazi nikaona imenyooka. "Mama, mbona haionekani?"

"Itaonekana, mwanangu. Tundu la mwisho huwa linajificha ukigeuza kazi. Ukiliruka moja leo, utaliruka na kesho, na bibu itakwenda ikichongoka."

Alilitafuta kwa kuishika kazi dhidi ya mwanga, akalikuta mistari miwili chini. Akachomoa sindano, akavuta uzi. Mistari mitatu ikafumuka kwa sekunde chache, uzi ukarudi mapajani ukiwa umejikunja vijimawimbi. Hakuguna, wala hakuharakisha mistari iliyofuata ili kufidia. Mwendo wa sindano ulikuwa uleule, na kidole cha shahada kikapanda na kushuka kama awali. Nadhani sijaona mara nyingi mtu akipoteza kazi ya mikono yake kwa utulivu wa namna ile.

Shingo ndiyo sehemu inayotaka akili. Alifuma matundu 9 ya upande mmoja na kuyaacha mengine. Kila mstari alipunguza tundu moja upande wa ndani, kwa kuyaingia matundu mawili, kubaki na vitanzi vitatu juu ya sindano, kisha kuvipita vyote pamoja. Yalipobaki matundu 6 aliacha kupunguza, akapanda moja kwa moja hadi bega likafika urefu alioutaka. Upande wa pili aliuanza baada ya kuacha matundu 10 ya katikati, na kila mstari aliulaza juu ya mwenzake kuhakikisha mabega yanalingana. Kutoka kila bega alitoa kamba ya cheni 40, kiasi cha sentimita 25, akairudia kwa matundu mafupi ili iwe bapa. Kifungo hakutaka hata kukisikia. Kifungo hung'oka, na mtoto wa umri huo kila kitu hukipeleka mdomoni.

Ukingo ulizungushwa kwa uzi mweupe, tundu moja kila mwisho wa mstari, na matatu katika kila pembe ili pembe isijikunje. Ncha za uzi hakuzifunga fundo, kwa vile fundo lingemkwaruza mtoto. Alizitunga katika sindano butu, akazipenyeza upande wa nyuma kwenda na kurudi, akakata. Kisha bibu ikafuliwa, ikalazwa juu ya taulo kivulini, akainyoosha kwa viganja.

Mama wa mtoto alipoifuata, fundi aliifunga mwenyewe shingoni mwa mtoto, akapitisha vidole viwili kati ya kamba na ngozi. "Akilala mvue, mwanangu. Usimwache nayo kitandani hata dakika moja." Yule mama akaigeuza nyuma na mbele akitafuta ncha za uzi, hakuziona. Akaagiza nyingine mbili, maana moja itakuwa shingoni, moja kwenye kamba na moja kwenye beseni.