Kulisoma Paja la Hispania Kabla ya Kulinunua

Mnunuzi asimamaye katika duka la Sevilla au Salamanca, chini ya mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa safu kwa safu, aghalabu hutazama kwanza rangi ya ukwato, kwa kuwa amesikia kwamba ukwato mweusi ndio dalili ya ubora. Dalili hiyo haitoshi, maana wapo nguruwe wasio wa Kiiberia, ile nasaba ya Hispania inayosifiwa kwa mapaja haya, wenye kwato nyeusi, na wapo wa Kiiberia ambao kwato zao hazikukolea rangi. Ushahidi wa kutegemewa umo katika lakiri ya plastiki iliyofungwa juu ya ukwato. Lakini thamani ya lakiri haifahamiki ila kwa aliyejua kwanza jinsi paja lenyewe lilivyotengenezwa.

Kazi yote, ukiitafakari, ni kuyaondoa maji katika nyama nene yenye mfupa kabla haijaoza. Papa wetu wa ng'onda hupasuliwa, hivyo chumvi na jua humfikia upesi. Paja halipasuliwi, na kwa sababu hiyo mafundi wa Jabugo na Guijuelo, huko huko Hispania, hawana budi kuitumia baridi kwanza na joto baadaye. Mguu mbichi huzikwa katika chumvi ya bahari mahali pasipozidi nyuzi 5 hivi za Sentigredi, kwa kadiri ya siku moja kwa kila kilo, kisha huoshwa na kuwekwa wiki kadhaa katika baridi, ili chumvi iliyo juu isafiri polepole mpaka mfupani. Safari hiyo isipotimia, joto huozesha nyama kutoka ndani. Ikitimia, paja hutundikwa penye madirisha yanayofunguliwa na kufungwa kwa kufuata upepo, na joto la kiangazi huilainisha shahamu hata ikapenya kati ya nyuzi za nyama. Mwishowe huteremshwa katika ghala lenye giza, ambamo vimeng'enya vya nyama yenyewe huvunja protini na mafuta, ndipo huzaliwa ile harufu ambayo chumvi peke yake haiwezi kuileta. Chembe nyeupe zionekanazo kwenye mkato ni tirosini, nazo ni dalili ya ukomavu, si kasoro. Amri ya serikali ya mwaka 2014 haikubali paja la Kiiberia lenye kilo 7 au zaidi liuzwe kabla ya siku 730.

Amri hiyo hiyo ndiyo iliyoziweka rangi za lakiri. Nyeusi ni ya nguruwe wa Kiiberia wa nasaba safi aliyenenepeshwa kwa matunda ya mwaloni. Nyekundu ni ya aliyekula chakula hicho, ila nasaba yake imechanganyika. Kijani ni ya aliyelelewa malishoni akiongezewa nafaka. Nyeupe ni ya aliyefugwa bandani. Nguruwe wa daraja mbili za kwanza huachiwa dehesa, ile misitu ya mialoni iliyotawanyika ya kusini-magharibi, kuanzia Oktoba, na sharti aongeze humo uzito wa kilo 46 katika siku zisizopungua 60. Matunda hayo huijaza shahamu yake asidi ya oleiki, hata ikawa laini na kuyeyuka chini ya kidole: kipimo chepesi ambacho muuzaji mwaminifu hakikatazi.

Na asidhani mtu kwamba neno Kiiberia peke yake linatosha kuhalalisha bei. Paja la Teruel, la nguruwe mweupe, linalolindwa kisheria tangu 1984, likikomaa vizuri naliona bora kuliko mengi yenye lakiri nyeupe. Yule ambaye dini yake imemharimishia nyama hii aulizie cecina ya León, paja la ng'ombe lililotiwa chumvi, likafukizwa moshi wa mwaloni na kukaushwa kwa miezi 7 au zaidi, naye ahakikishe tu kwamba mnyama alichinjwa kihalali. Ama mnunuzi wa mara ya kwanza, asikimbilie paja zima, ambalo likishakatwa hutaka kuliwa kwa wiki chache tu: heri gramu 100 za lakiri nyeusi, zilizokatwa kwa mkono mbele ya macho yake.